Jani Moja la Mkoko: Tathmini ya Matembezi ya Kuongozwa Katika Hori ya Mida

Matembezi ninayoyatathmini hapa ni ya saa tatu hivi, na yanaendeshwa na kikundi cha wanakijiji walio kando ya Hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu na kuota mikoko, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Nimeyafanya mara mbili: mara ya kwanza mwezi wa Novemba pamoja na mume wangu, na mara ya pili mwezi wa Januari pamoja na wanafunzi 14 wa kidato cha tatu ninaowafundisha biolojia. Mara ya kwanza niliondoka nimeudhika. Mara ya pili niliondoka nimeona mtiririko wa nishati, yaani safari ya nguvu ya jua kutoka kwenye mmea hadi kwa wanyama wanaolana, ukifundishwa vizuri kuliko nilivyowahi kuuona ukifundishwa ubaoni, na ubao wangu nikiwa nimeuhesabu. Kiongozi alikuwa yule yule na bei ilikuwa ile ile. Kilichotofautisha siku hizo mbili ni maji, kwa hiyo nitaanza na maji.

Wageni wengi wanaotoka bara hupanga safari ya pwani kwa kufuata kalenda ya likizo, ilhali hori inafuata mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, bahari ya huku hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Tope na mchanga hubaki wazi hadi mbali, na kila kiumbe kinachotafuta riziki topeni hutoka kuitafuta. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na jingine, maji hayajai sana wala hayapwi sana, na saa nne asubuhi ndiyo kwanza huwa yamepanda. Sisi tulipangiwa siku ya maji mafu. Aliyepokea simu hakutuuliza wala hakutueleza lolote kuhusu mwezi. Aliandika jina na tarehe basi. Tulitembea juu ya daraja la mbao huku maji ya rangi ya chai yakiwa chini yetu, tukaona mizizi, tukaona yangeyange wawili, tukatajiwa majina ya miti, tukarudi. Tulikuwa tumelipa shilingi 1,000 kila mmoja, na nilimweleza kiongozi kwa adabu kwamba sikuona thamani yake. Hakubishana. Alisema, "Mwalimu, rudi bamvua la Januari, kaskazi ikivuma. Njoo na watoto." Niliporudi walinipunguzia nusu ya ada yangu bila mimi kuomba, jambo ninalolitaja kwa sababu ni haki yao lijulikane. Hata hivyo, mgeni anayekuja mara moja tu maishani hawezi kuambiwa arudi Januari, na kasoro hii ingeondoka kwa swali moja tu la kwenye simu.

Daraja linaanzia upande wa nchi kavu, kwenye michu. Mchu unatambulikana na kila mtu wa pwani kwa vile vijizizi vyake vinavyochomoza topeni mfano wa penseli zilizosimamishwa, ambavyo ndivyo unavyovutia hewa, kwa kuwa tope la mikokoni halina oksijeni ukishachimba kina kidogo tu. Kiongozi aliwaambia wanafunzi wachume jani moja kila mmoja, wasizidishe, kisha waligeuze na kulilamba. Kelele zilizofuata zilinihakikishia kwamba wamelamba kweli. Mchu hunyonya maji ya bahari pamoja na sehemu ya chumvi yake, kisha huisukuma chumvi hiyo nje kupitia majani, na asubuhi ya jua kali huonekana iking'aa kama unga. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, hutumia njia nyingine, kwa kuwa huizuia sehemu kubwa ya chumvi pale pale mizizini. "Njia zote mbili zina gharama," alisema, na hapo nikaanza kuona anakotupeleka. Mti unaoishi chumvini hulipia hata maji yake ya kunywa kabla haujaongeza jani jipya. Vitabu vyetu vya shule huanza na mchoro wa jua na mmea, kana kwamba mmea hupokea mwanga wote na kuuweka akiba. Katika mwanga unaoangukia majani, kiasi kinachogeuzwa kuwa sukari ni kama sehemu moja katika mia, na karibu nusu ya sehemu hiyo mti wenyewe huiteketeza kwa kupumua. Kinachobaki ndicho kinachogombaniwa na hori nzima.

Mbele kidogo tulisimama chini ya mkoko mmoja kwa karibu dakika 25 bila kwenda popote, na kwa maoni yangu dakika hizo peke yake zinatosha kuilipia safari. Kiongozi aliokota jani la manjano lililokuwa limetoka kudondoka, akashuka darajani, akaliweka juu ya tope, akatuomba tuchuchumae na tunyamaze. Kabla jani la mkoko halijaanguka, mti huwa umekwisha kurudisha ndani sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwamo, kwa hiyo kinachodondoka ni makapi magumu yaliyojaa tanini, ile ile iliyomo kwenye gome la mkandaa ambalo watu wa pwani walilitumia kutia rangi na kutengenezea ngozi. Si chakula kinachotamanisha. Hata hivyo tondo wa kwanza alifika, konokono mweusi mrefu kama kidole, akapanda ukingo wa jani na kuanza kulikwangua. Baada ya dakika chache akaja wa pili, kisha wa tatu. Walipotimia saba niliangalia alikotoka wa mwisho, na njia aliyoichora topeni ilikuwa na urefu wa zaidi ya hatua moja. Kiongozi alieleza kwamba tondo hawajaliona jani. Wanafuata harufu inayotoka kwenye jani linapotafunwa na mwenzao, na jambo hilo limethibitishwa na watafiti waliofanya majaribio kwenye mikoko ya pwani ya Kenya.

Kisha kaa mwenye magando mekundu alichungulia shimoni, akatoka kwa upande upande, akalishika jani kwenye ncha na kulivuta. Halikusogea, maana tondo saba walikuwa wamelikalia. Alivuta tena, akavuta mara ya tatu, akanyofoa kipande kidogo kisichotosha, akaliacha na kwenda kulibeba jingine lililokuwa peke yake karibu na mzizi, akatokomea nalo shimoni. Mwanafunzi wangu mmoja, ambaye mada hii darasani humtia usingizi, aliniuliza kwa kunong'ona, "Mwalimu, kwani wanapangana?" Swali hilo lilitupeleka mbali. Tondo hawapangani, lakini kila anayevutwa na harufu huongeza uzito juu ya jani, na uzito huo ndio unaowanusuru wote dhidi ya kaa. Ushindani na kufaana vilikuwa vimekaa juu ya jani moja, mbele ya macho yetu.

Jani lililoingia shimoni lina safari ndefu kuliko lile lililobaki juu. Kaa hula sehemu, na sehemu nyingine hubaki chini ambako bakteria na kuvu hulivamia. Viumbe hao wadogo huchukua naitrojeni kutoka majini na topeni, hivi kwamba makombo ya jani lililooza huwa na lishe bora kuliko jani lenyewe lilivyokuwa mtini. Wanyama wengi wanaokula makombo hayo kwa hakika wanashibishwa na bakteria na kuvu waliomo. Kama kaa wasingekuwapo, majani mengi yangechukuliwa na maji yanapopwa na kuondoka mikokoni bila kuinufaisha miti iliyoyazaa. Tena mashimo yao hupitisha hewa na maji hadi kwenye mizizi. Kiongozi alichota tope kwa kijiti akatupitishia puani, likanuka kama yai viza. Harufu hiyo hutoka kwa bakteria wanaoishi pasipo oksijeni na kutumia salfeti ya maji ya bahari badala yake. Uozo wa namna hiyo huenda polepole sana, na ndiyo sababu tope la mikoko huhifadhi kaboni kwa karne nyingi, sawa na ghala la jua la zamani ambalo halijaliwa. Mtu akiikata mikoko na kulifukua tope hilo, ghala hufunguka na kaboni hiyo hurudi hewani.

Sehemu ya pili ya somo ilifanyika kwenye mchanga mkavu, na vifaa vyake vilikuwa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, jagi la lita 2, kikombe cha mililita 200 na kijiko cha chai. "Ndoo hii ni majani," kiongozi alisema. Alichota jagi moja akampa mwanafunzi wa kwanza, aliyekuwa kaa, kisha akaimwaga ndoo yote iliyobaki mchangani. Watoto waliguna, maana maji yale walikuwa wameyabeba wenyewe kutoka kisimani. Kutoka kwenye jagi alijaza kikombe akampa mwanafunzi aliyekuwa samaki, akamwaga jagi. Kutoka kwenye kikombe alipima vijiko vinne, akampa wa mwisho aliyekuwa furukombe, akakimwaga kikombe. Wakabaki wanatazama kiganja cha mwenzao kilicholowa kidogo tu. "Haya, sasa mnataka niwaonyeshe furukombe wangapi hapa Mida?" Nimefundisha kanuni ya asilimia 10, kwamba kila ngazi ya walaji hupata kama sehemu moja ya kumi tu ya nishati ya ngazi iliyotangulia, kwa kuchora piramidi kwa miaka 11, na sijawahi kusikia darasa likiguna. Pale waligunia maji, na kwa njia hiyo waliuelewa upotevu. Walielewa pia kwa nini kaa ni maelfu, yangeyange ni makumi, na furukombe tuliyemwona siku ile alikuwa mmoja, amekaa juu ya mlilana uliokauka.

Hapa sina budi kutaja makosa, kwa sababu somo zuri likiwa na kosa, kosa hilo nalo hukumbukwa vizuri. Alipomaliza kumwaga maji kiongozi alisema kwamba nishati "huzunguka kama kupwa na kujaa, ikienda hurudi." Sivyo. Kinachozunguka ni maada: naitrojeni, fosforasi, kaboni na maji, ambavyo huingia mwilini mwa kaa, vikatoka, vikaoza, vikarudi mzizini. Nishati hupita mara moja tu. Kila kiumbe kinapopumua, sehemu yake hugeuka kuwa joto, na joto hilo hutawanyika wala hakuna mchu unaoweza kulikusanya tena na kulifanya jani. Kama jua lisingechomoza kesho, mzunguko wa naitrojeni usingeiokoa hori. Onyesho lake mwenyewe lilikuwa limelisema jambo hilo kwa usahihi, kwa kuwa maji yaliyomwagwa mchangani hayakurudi ndooni; ni maneno yaliyoliharibu. Vilevile asilimia 10 aliitaja kama sheria isiyovunjwa. Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo la Minnesota na ambaye makala yake ya mwaka 1942 ndiyo iliyoweka msingi wa hesabu hizi, alipata viwango vilivyotofautiana kutoka ngazi moja hadi nyingine. Kumi katika mia ni kadirio la kufundishia, na kiwango halisi huweza kuwa nusu ya hapo au mara mbili yake.

Kosa la tatu ni dogo lakini linasemwa kotekote pwani: kwamba samaki wote wa hori wanalishwa na majani ya mikoko. Wanasayansi waliopima isotopu za kaboni, yaani atomu za kaboni zinazotofautiana kwa uzito na kuonyesha chakula kilikotoka, katika Ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, waligundua kwamba chakula cha mikoko hakifiki mbali sana, na kwamba samaki wengi hupata kaboni yao kutoka kwenye majani ya baharini na mwani mdogo mno unaoota juu ya tope. Ule utando wa rangi ya hudhurungi unaoteleza chini ya kandambili ni malisho kamili. Hayo hayaipunguzii mikoko heshima yake, kwa sababu mizizi yake ni maficho ya makinda ya samaki na ndiyo inayolizuia tope lisichukuliwe. Nilimweleza kiongozi mambo haya kando, mbali na watoto. La nishati alilikubali papo hapo na kuliandika kwenye simu yake. La majani ya mikoko tulibishana hadi tulipofika mwisho wa daraja, na nadhani bado tunabishana.

Mwisho wa daraja kuna kibanda cha makuti cha kutazamia ndege, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliniambia nije kaskazi ikivuma. Tope lilikuwa wazi hadi upande wa pili wa hori, na vitwitwi wa aina nyingi, waliokimbia majira ya baridi ya Ulaya na Asia ya kaskazini, walikuwa wametanda wakidonoa. Kati yao kulikuwa na kundi la ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama koleo, wenye urefu wa sentimita 40 hivi. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Vijana wa pale humwita kwa kazi yake, mla kaa. Kwa darubini ya kikundi nilimfuata mmoja kwa dakika kumi. Hukimbia hatua tatu nne, husimama kabisa, kisha hupiga. Alishika kaa sita katika muda huo, akawameza wadogo wazima na kumtikisa mmoja mkubwa hadi gando lilipochomoka.

Ndege hao hawazai Mida. Kaskazi inapokwisha huondoka kwenda kuzaliana kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu. Ndiye ndege pekee katika jamii ya vitwitwi na wenzao anayechimba shimo mchangani ili kutaga, na hutaga yai moja, likipashwa na mchanga uliochomwa na jua. Hebu fikiri: mwanga ulioangukia jani la mkoko wa Mida uliingia kwa kaa, ukaingia kwa ndege, ukawa mafuta kifuani mwake, ukamvusha bahari, ukawa yai huko Oman. Jahazi nazo zilifuata njia hiyo hiyo kusi lilipoanza, zikiwa zimesheheni boriti za mikoko ya Lamu za kuezekea nyumba za Waarabu, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982. Kwa vizazi vingi jua la pwani yetu lilikuwa likisafirishwa Arabuni kwa njia mbili, moja ndani ya miti na nyingine chini ya manyoya, na hiyo ya manyoya haijakoma. Kiongozi hakulisema hili kwa maneno haya, alisema tu, "Hawa ni wageni wa Maskati, wanakuja kula, wanaenda kuzaa." Nilitamani angelisimulia zaidi, kwa maana hakuna mfano bora wa jinsi mfumo ikolojia mmoja unavyomwagikia mwingine ulio maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Kutoka kibandani huwa unachagua kurudi kwa miguu au kwa mtumbwi, na kwa shilingi 300 za ziada mtumbwi unafaa. Nahodha ni mzee mwenye maneno machache. Tulipoingia mlangoni mwa mkondo, mkizi mmoja aliruka karibu na ubavu wa mtumbwi, akaruka tena, na wanafunzi wakamaliza methali kabla mzee hajaifikisha nusu: "Hasira za mkizi..." Aliwaambia kwamba mkizi hali samaki wenzake, hula tope, akilichuja na kula makombo na mwani uliomo. Kwa hesabu ya ndoo, mkizi anakaa kwenye jagi. Chewa anayemvizia chini ya mizizi anakaa kwenye kikombe au chini ya hapo. Mwanafunzi mmoja akasema basi ndiyo maana sokoni mkizi ni rahisi na chewa ni ghali, na mzee akamtazama, akasema, "Mwanangu, umesema." Bei ya samaki ina sababu nyingine nyingi, lakini sikuona haja ya kumkatiza mtoto aliyekuwa amefikiri vizuri hivyo.

Ziara inaishia kwenye vizimba vya kaa koko na banda la chakula. Kaa koko, yule mkubwa wa kijani kibichi, hukamatwa akiwa mwembamba, akawekwa kwenye kizimba chake peke yake kwa sababu wakikaa wawili hulana, akanenepeshwa kwa matumbo na vichwa vya samaki. Sambusa zake ni nzuri sana: manda yake ni nyembamba na kavu, nyama ya kaa haikufichwa kwa viazi, na bizari haikuzidi. Zilikuwa shilingi 400 kwa nne. Niliwauliza wanafunzi, wakiwa midomo imejaa, wao wako ngazi gani. Kaa koko hula konokono, chaza na kaa wadogo zaidi, kwa hiyo mlaji wake yuko kwenye vijiko vinne. Hapo ndipo swali la kaa wanaokamatwa wakiwa wadogo linapouma. Kikundi kinasema hakipokei kaa aliye mdogo kuliko kiganja wala jike mwenye mayai, na katika vizimba nilivyofunguliwa sikuona hata mmoja. Kulisha masalio ambayo yangetupwa pia ni hesabu nzuri. Kama siku moja wataanza kununua samaki wazima ili kulisha kaa, hesabu hiyo itageuka, kwani watakuwa wanamwaga jagi ili wapate kikombe.

Kuhusu mambo mengine, nitasema kwa ufupi. Jaketi za kuokolea zilikuwa nane na sisi tulikuwa 16 pamoja na mwalimu mwenzangu. Nilikataa tusivuke wote kwa mkupuo mmoja, nahodha akakubali kwenda mara mbili, lakini uamuzi huo haufai kuachiwa mgeni. Mbao mbili za daraja, karibu na mikandaa, zimelegea. Vibao vya majina ya miti vimeandikwa kwa Kiingereza na Kilatini peke yake, na hilo lilinisikitisha zaidi ya mbao, kwa sababu mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi na msikundazi ni majina ambayo watoto wa pwani wanapaswa kuyakuta yameandikwa nyumbani kwao. Choo ni safi. Maji ya kunywa nendeni nayo.

Anayetaka kwenda atazame mwezi kwanza, achague siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, na aombe kuanza saa tatu asubuhi. Anayetaka ndege aende kati ya Oktoba na Machi. Mwenye watoto aombe onyesho la ndoo kwa jina, kwa sababu wageni wa mapumziko hawaonyeshwi. Avae viatu vinavyofungwa kamba, maana tope linavua kandambili. Wala asiwe na hofu ya kuzingirwa na maji, kwa kuwa kiongozi ana saa isiyokosea. Juu ya tope huishi konokono wembamba, wadogo kuliko tondo, ambao hujilisha maji yakiwa yamepwa na hupanda mashina kabla maji hayajafika, ingawa hakuna tone lililokwisha kuwagusa. Watafiti wamewachunguza hapa Mida kwa miaka mingi wakitafuta wanavyojua. Mnamo saa sita kasoro, wanafunzi walipokuwa bado wanapiga picha na tope likiwa kavu pande zote, kiongozi alituonyesha shina la mkoko lililokuwa wazi tulipopita asubuhi. Konokono 20 au zaidi walikuwa tayari wamefika usawa wa goti, wote wakielekea juu. "Tugeuke," alisema, tukageuka.